Maleba Katika Miviga: Si Kila Kibuyu ni Uzazi

Kila muhula wa pili, mitihani ya majaribio inapokaribia, walimu wa Kiswahili hukutana na jibu lile lile. Mtahiniwa ameulizwa afafanue dhima ya maleba katika miviga ya jamii fulani, naye anateremsha orodha: mkuki ni ushujaa, kibuyu ni uzazi, ngozi ya chui ni utawala, rangi nyeupe ni usafi, nyekundu ni damu. Hoja tano, mistari mitano, na alama tano anazozitarajia. Hakuna jamii iliyotajwa, hakuna mtu anayekishika kifaa, wala hakuna kinachotendwa. Orodha hiyo ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kuhudhuria hata arobaini ya mtoto.

Nakiri kwamba watahiniwa hawakuizua orodha hiyo. Sisi walimu ndio tuliowapa, nasi tuliipokea kutoka kwa walimu wetu, na miongozo ikaipiga muhuri. Imekuwa kama kamusi ndogo ya taashira inayotumiwa kwa Wamasai, kwa Waswahili, kwa Wabukusu na kwa yeyote mwingine bila kubadilishwa hata neno. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba kifaa cha sherehe hakina maana iliyofungiwa ndani yake mithili ya kokwa ndani ya embe. Maana huzaliwa na mkono unaokishika, tendo linalokiandama, wakati wenyewe na, mara nyingine, lugha ya wanaokitumia. Aidha nitadai kwamba njia bora ya kukijaribu kifaa ni kukiondoa, kisha kuangalia kinachoharibika.

Nianze na kisa. Miaka kadhaa iliyopita niliwataka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walete darasani kifaa kimoja kinachotumiwa nyumbani kwao wakati wa sherehe. Zilikuja leso, ukaja mwiko mkubwa, zikaja rungu na njuga. Msichana mmoja wa kutoka Bonde la Ufa alileta kibuyu chembamba chenye kifuniko cha ngozi na ushanga shingoni, kile ambacho Wakalenjin hukiita sotet. Alikipakata safari nzima ndani ya basi.

"Mwalimu," akaniambia kabla ya kukiweka mezani, "nyanya amesema kisirudi kitupu."

Wenzake walikizunguka, wakakitazama, kisha wakaandika. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika kwamba kibuyu kinaashiria tumbo la mama na kwa hivyo ni taashira ya uzazi. Nilimwuliza mwenye kibuyu ana maoni gani. Alinyamaza kidogo kwa heshima, kisha akasema, "Kwetu sijasikia mtu akisema hivyo, mwalimu. Hiki ni cha mursik."

Hapo ndipo somo lilipoanza. Alitueleza jinsi kibuyu kinavyosafishwa kwa sosiot, ule ufito wa mnazi pori uliopondwa ncha ukawa kama brashi. Jinsi kaa la mti wa senetwet linavyosuguliwa ndani hadi kuta zikawa nyeusi. Jinsi maziwa yanavyomiminwa na kuachwa siku kadhaa yagande. Kazi hii ni ya wanawake, na kila boma lina mkono wake. Mgeni wa heshima akija, kibuyu kinatolewa. Mwanariadha akirejea na nishani, jamaa humsubiri uwanja wa ndege wakiwa na kibuyu cha mursik, wakamvika shingoni ule mtambaa uitwao sinendet, naye akanywa mbele ya kamera akiwa bado amevaa sare za taifa. Wakenya wote tumeiona picha hiyo, na kwa wengi wetu ndiyo elimu yote tuliyo nayo kuhusu miviga ya Wakalenjin.

Je, mursik pale uwanjani inaashiria uzazi? La hasha. Anayenyweshwa alikuwa mbali, amekula vya wageni, na sasa anarudishwa nyumbani kwa kinywa chake mwenyewe. Anayemnywesha, aghalabu mama yake au mzee wa jamaa, ndiye anayelithibitisha hilo. Kibuyu hicho hicho kikiwekwa kwenye meza ya muuzaji wa vinyago mjini ni pambo la mia chache. Hakijabadilika hata chembe, ila mkono, kinywa na safari vimeondolewa. (Kile cha nyanya tulikirudisha na pakiti mbili za sukari tulizochangishana. Hatukuwa na maziwa, na hakuna mwanafunzi aliyethubutu kupendekeza kirudi hivi hivi. Wao wenyewe walikuwa wamekwisha kuingia ndani ya sherehe bila kujua.)

Istilahi yenyewe ya maleba inahitaji kutazamwa tena. Kwa asili neno hili hurejelea mavazi maalum ya mganga au mcheza ngoma. Katika ufundishaji wetu tumelipanua likachukua kila kitu anachovaa au kubeba fanani: ngozi, fimbo, mgwisho, barakoa, rangi za usoni. Upanuzi huo una faida, maana unamkumbusha mwanafunzi kwamba fasihi simulizi ni utendaji. Hata hivyo, una hatari yake. Neno hili linanukia jukwaa. Humfanya mwanafunzi afikiri kwamba kijana wa jandoni "amevaa maleba" kama mwigizaji anavyovaa taji la karatasi, na kwamba pazia likishuka kila kitu kinarejeshwa sandukuni. Mwigizaji wa taji la karatasi harudi nyumbani akiwa mfalme. Kijana wa jandoni anarudi akiwa mtu mwingine, na kifaa alichobeba kilihusika kumgeuza. Tofauti hii kati ya uigizaji na miviga ndiyo ningependa isisitizwe zaidi darasani.

Tuchukue jando la Wabukusu wa Bungoma, linalofanywa mwezi wa Agosti katika miaka inayogawika kwa mbili. Kijana huzunguka kwa jamaa akialika watu, mikononi ana chinyimba, njuga za chuma anazozigonganisha na bangili za chuma huku akiimba. Kisha huenda kwa mjomba, kaka ya mamake. Mjomba humchinjia ng'ombe, akakata ukanda wa nyama ya kifuani uitwao luliki, akamvika shingoni. Kijana anarudi kwao na nyama mbichi inaning'inia kifuani, umati ukimfuata. Alfajiri ya pili anapelekwa mtoni, anapakwa matope mwili mzima, anarejea kusimama mbele ya ngariba bila kupepesa jicho.

Mtahiniwa wa orodha ataandika: nyama inaashiria chakula, matope yanaashiria umoja na ardhi. Huenda asikosee kabisa. Lakini amekosa fundo la mambo, nalo ni mjomba. Kwa nini nyama isitoke kwa baba, ambaye pengine ana ng'ombe wengi zaidi? Wazee hueleza kwamba mahari ya mama yalikwenda ujombani, kwa hiyo ng'ombe anayechinjwa ni deni linalorudi. Luliki, kwa maneno mengine, ni stakabadhi. Kijana anaivaa shingoni ili kijiji kizima kisome kwamba pande mbili zilizomzaa zimekubaliana, na kwamba hakuna kinyongo kitakachomfuata kisuni. Nyama ile ile ingenunuliwa buchani Webuye, ikakatwa vizuri zaidi, ikavikwa shingoni mwake na jirani, isingesema lolote.

Mjomba, basi, ni sehemu ya kifaa. Ningetamani sentensi hiyo iingie vichwani mwa watahiniwa wetu. Wapo wanaoandika kuhusu fimbo ya mzee bila mzee, na leso ya bi arusi bila somo aliyemfunda na shangazi waliomfunga.

Mara nyingine kifaa hakisemi hadi kiharibiwe. Katika arusi za Kiyahudi, bwana arusi huikanyaga glasi hadi ivunjike, na maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba huo ni ukumbusho wa hekalu la Jerusalem lililobomolewa mwaka wa 70. Glasi nzima haina habari. Mlio wa kuvunjika ndio unaoleta msiba wa kale katikati ya vigelegele. Kwa Waigbo, kadhalika, kokwa ya kola hainenwi ikiwa nzima. Mwenyeji huitoa, huombewa, kisha huvunjwa na kugawanywa. Waliosoma Shujaa Okonkwo, tafsiri ya riwaya ya Chinua Achebe, watakumbuka jinsi mazungumzo yoyote ya maana yasivyoanza kabla ya kola kupita.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona limepuuzwa kabisa katika madarasa yetu, ingawa sisi ni walimu wa lugha: vitu vinavyobeba maana kwa sababu ya majina yake. Katika mkesha wa mwaka mpya wa Kichina, samaki hakosi mezani, na aghalabu hawammalizi. Mwanafunzi anayetegemea umbo atahangaika: samaki ni maji? Ni uhai? Ni wingi wa mayai? Jibu halimo ndani ya samaki. Limo katika Kichina, ambako neno la samaki, yú, linatamkwa sawasawa na neno la ziada, kile kinachobaki baada ya mahitaji kutoshelezwa. Kumbakiza samaki ni kujitakia mwaka wa kubakiza. Kwa mantiki hiyo hiyo, si adabu kumzawadia Mchina saa ya ukutani, kwa kuwa kumpa mtu saa kunasikika kama kumsindikiza mtu katika mauti. Tunafundisha vitawe kila mwaka katika sarufi na matumizi ya lugha, tunavicheka vya kwetu vya kaa na paa, lakini hatujawaonyesha wanafunzi kwamba kitawe kinaweza kupikwa, kikapakuliwa, kikaliwa na ukoo mzima.

Wairani nao wana meza ya mwaka mpya wa Nauruzi iitwayo haft-sin, maana yake sin saba. Huwekwa vitu saba ambavyo majina yake katika Kiajemi huanza kwa herufi sin: sib ambaye ni tufaha, sir ambaye ni kitunguu saumu, serke yaani siki, sabzeh yaani miche mibichi ya ngano au dengu, na vinginevyo. Kila kimoja kimepewa maana yake, tufaha uzuri, saumu afya, siki subira, na kadhalika. Lakini kilichovikusanya mezani kwanza ni herufi. Ni urari wa sauti za mwanzo, mbinu tunayoijua vyema katika ushairi, iliyotengenezwa kwa matunda na vikolezo badala ya maneno.

Na hapa pana jambo la kuvutia kwetu watu wa pwani. Mwaka wa Nairuzi ulivuka bahari kutoka Uajemi ukafika Uswahilini, na hadi leo huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, husherehekewa Mwaka Kogwa kila mwezi wa Julai. Wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto mtu akiwa ndani kisha akachomoka, na watu huenda kukoga baharini. Meza ya sin saba haipo. Haikufika, au ilifika ikafa, na nadhani sababu yake ni ya kiisimu. Tufaha, kitunguu saumu na siki haviungani kwa herufi yoyote katika Kiswahili. Taashira iliyojengwa juu ya sauti ya lugha moja haivuki bahari kwa urahisi. Iliyojengwa juu ya tendo, kama vile kukoga, kuchoma na kupigana hadi kinyongo cha mwaka kiishe, huvuka na kupata vifaa vipya ufukweni. Mgomba unafaa kwa shughuli hiyo kwa sababu unapatikana, una uzito wa kumwumiza mtu kidogo, na hauui. Hasira inatolewa, na mtu anabaki hai kuja kusalimiana jioni.

Mwanafunzi akiuliza kwa nini walipigana kwa migomba na si kwa marungu, ameanza uhakiki. Akiandika "mgomba unaashiria rutuba" ameuacha.

Kuna wakati ambapo kusoma vibaya kifaa cha jamii nyingine hakumkoseshi mtu alama mbili tu. Waasante wa Ghana wana kiti cha dhahabu, Sika Dwa Kofi. Masimulizi yao yanasema kwamba kilishushwa kutoka mbinguni kwa uwezo wa Okomfo Anokye kikamfikia Osei Tutu, mwasisi wa dola hilo. Ndani yake imo roho ya taifa zima. Kwa hiyo hakikaliwi. Hata Asantehene mwenyewe hakikalii. Kina kiti chake cha kukiwekea, na hubebwa katika maandamano kama mwenye cheo. Mwaka wa 1900 gavana Mwingereza, Frederick Hodgson, alikwenda Kumasi akawauliza wazee waliokusanyika kiko wapi kiti hicho na kwa nini hakuletewa akikalie yeye, mwakilishi wa malkia.

Kwake kiti kilikuwa kiti. Alikisoma kwa kamusi ya kwao: kiti cha enzi hukaliwa na mtawala, mtawala sasa ni mimi, basi nikalie. Kila hatua ya hoja yake inafuatana vizuri, na yote ni upotovu. Waasante hawakujibizana naye pale. Walikwenda nyumbani, na vita vilivyofuata viliongozwa na mwanamke, Yaa Asantewaa, malkia mama wa Ejisu. Waingereza walishinda kwa silaha, wakampeleka Yaa Asantewaa uhamishoni Shelisheli, alikofia mwaka wa 1921. Kiti chenyewe kilikuwa kimefichwa, wasikipate. Huwa nawasimulia wanafunzi kisa hiki kabla ya kugusa swali lolote la taashira, na huwauliza: Hodgson alikosea wapi? Wengi hujibu kwamba alikuwa na kiburi. Ni kweli, lakini wasomaji wenye kiburi ni wengi na hawaanzishi vita. Kosa lake la kihakiki ni kwamba aliangalia umbo la kifaa asiulize kinafanywa nini na, hasa, nini hakifanywi. Mwiko ni sehemu ya maana. Kifaa kisichoguswa, kisichokaliwa, kisichoonyeshwa hadharani, kinasema kwa kule kutoguswa.

Hilo linanirejesha kwetu pwani ya Kenya. Wapokomo wa Tana walikuwa na ngoma takatifu iitwayo Ngadji. Haikuwa ya kuchezewa. Mlio wake uliwaita watu kwa ibada na kwa jambo zito, na mamlaka ya wazee yalisikika ndani yake. Ilichukuliwa na wakoloni, na tangu mwaka wa 1908 imo katika British Museum jijini London. Tukifundisha ngomezi tunawaambia wanafunzi kwamba ngoma hupitisha ujumbe. Mfano huu unafaa zaidi ya ile ya kubuni tuliyoizoea, kwa kuwa hapa tunaweza kuuliza nini huwapata watu wanaporithi mwito usio na chombo. Siwa za Pate na Lamu, ile ya pembe za ndovu na hii ya shaba, zilikuwa na bahati zaidi, zilibaki nchini. Nazo zilikuwa sauti kabla ya kuwa pambo. Arusi au jando la waungwana lililopigiwa siwa lilitangaza nasaba mji mzima, na aliyeimiliki siwa alimiliki haki ya kutangaza. Leo hutazamwa kwa macho.

Lakini mfano unaoumiza zaidi ni wa vigango. Wagiriama na baadhi ya Wamijikenda wengine huwakumbuka marehemu wa kawaida kwa koma, vijiti vifupi vinavyochomekwa ardhini. Mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi, husimamishiwa kigango: ubao mrefu wa mti mgumu, wengine hupita kimo cha mtu, wenye kichwa cha duara au bapa na mwili uliochongwa pembetatu ndogondogo zinazopakwa rangi. Hakina mikono. Hufungwa vitambaa na kumwagiwa mnazi. Aghalabu husimamishwa baada ya marehemu kuwajia jamaa ndotoni akidai pahali pake. Kigango hakihamishwi. Familia ikihama, chenyewe hubaki pale, kikaliwa na mchwa polepole, na kule kuoza ni sehemu ya mpango.

Mwaka wa 1985 mtafiti Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa mbele ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda si muda vikaibwa. Miaka kadhaa baadaye mtafiti huyo alivitambua, kimoja katika makavazi ya Illinois na kingine katika makavazi ya Hampton University huko Virginia. Mzee alikuwa amekwisha kufariki. Vilirudishwa, na mwaka wa 2007 jamaa walivipokea kwa sherehe. Wao walisimulia kwamba tangu vilipotoweka misiba iliwaandama. Tangu hapo wengine wamefuata: makavazi ya Denver yalitangaza mwaka wa 2014 kwamba yatarudisha vigango 30, vikafika Kenya mwaka wa 2019, na Illinois State Museum ikakabidhi vingine 37 mwaka wa 2023.

Sasa tukitumie kipimo nilichokitaja mwanzoni. Kigango kikiondolewa, nini huharibika? Kule Marekani hakuna kilichoharibika. Kilining'inizwa ukutani, kikaangaziwa taa, kikaitwa sanaa, na hakika ni kizuri. Kule bomani kiliacha shimo, na marehemu akawa hana pa kusimama. Kifaa ni kile kile. Aidha, kurudishwa hakutibu kila kitu, maana vigango vingi havijulikani vilitoka boma lipi. Kigango kisicho na jina la marehemu ni kama jibu lililong'olewa kwenye swali lake. Kiko Kenya, kiko salama, na bado hakijafika nyumbani. Naungama kwamba kabla ya kusoma habari hizi nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi kwamba kigango "kinaashiria marehemu". Familia ile haikulalamika kwamba imeibiwa ishara ya ndugu zao.

Je, haya yote yana faida gani katika fasihi andishi? Nitatoa mfano mmoja. Tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, iliyotahiniwa hadi mwaka wa 2022, inafunguka wakati wa sherehe za uhuru wa Sagamoyo. Kenga, mshauri wa Majoka, anawaletea wachongaji keki ya uhuru. Wenzake wanaila, Sudi anaikataa. Nimesahihisha insha nyingi zilizosema keki ni taashira ya matunda ya uhuru, zikakomea hapo. Ni sahihi, lakini ni kavu. Tuulize maswali tuliyouliza kuhusu luliki. Nani anaitoa? Si wenyeji wa sherehe bali kibaraka wa mtawala. Katika arusi zetu za siku hizi keki hukatwa mbele ya wote na wazazi wakaitwa kulishwa wa kwanza kabisa. Hii imewafikia wachongaji kazini kwao, ikiwa imekatwa kwingine. Sherehe ya kweli ingewaita mezani. Na nini huharibika Sudi anapoikataa? Huharibika uongo kwamba wote wanasherehekea. Kukataa kwake ni tendo la mviga uliogeuzwa kichwa chini, na Sudi huyo huyo ndiye anayechonga kinyago cha shujaa ambaye watawala hawakumwagiza. Keki inakuja, kinyago kinachongwa: vifaa viwili vya sherehe moja vinashindana kusema uhuru ni wa nani. Mtahiniwa aliyezoea kuuliza kuhusu mkono na tendo ataliona hili bila kusaidiwa na mwongozo wowote.

Vivyo hivyo katika fasihi simulizi. Linganisha majibu mawili. La kwanza: "Leso huashiria heshima." La pili: "Katika arusi ya Waswahili, bi arusi huvikwa kisutu, leso ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, akivikwa na wanawake waliomtangulia katika ndoa, kwa kuvikwa nao anapokelewa katika kundi lao." La pili lina jamii, lina mviga, lina mikono, lina tendo, lina badiliko. Halihitaji maneno mengi kuliko hayo, na msahihishaji hana budi kulipa haki yake.

Kuhusu utafiti wa nyanjani, ambao silabasi inautaka na shule nyingi huupita, ushauri wangu ni kuwapa wanafunzi kifaa kimoja kila mmoja, si kumi. Waende kwa mwenye kifaa wakiwa na adabu, waombe ruhusa kabla ya kupiga picha kwa simu, na wakikatazwa kugusa waliandike katazo lenyewe kama data. Waulize ni nani anayeruhusiwa kukishika, hushikwa lini, kinafanywa nini, nini hakifanywi, na kama kisingekuwapo sherehe ingeendelea. Baadhi yao watarudi waseme kifaa hakipo tena: kiliuzwa, kilichomwa babu alipookoka, au kiliibwa. Walimu wengine huhesabu hilo kuwa kazi isiyokamilika, na mwanafunzi hupewa kifaa kingine. Siafiki. Mmoja wangu aliandika ukurasa na nusu kuhusu mkuki wa babu yake ambao sasa umetundikwa ukutani katika hoteli ya watalii. Alikwenda kuuona, mlinzi akamwambia asiuguse. Nilimpa alama zote.